Tupeane uzoefu: zip na rar zimewahi kukufanyia nini?

Wakuu habari za jioni. Mi nina steshenari Mwenge na kitu kinaniuma sana ni watu kupoteza kazi zao kwa ajili ya zip, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja yakawa faili moja (rar nayo ni hivyohivyo). Juzi kaja dada wa chuo kuprinti ripoti ya fildi, alitumiwa kwenye zip, akaifungulia Word humohumo ndani bila kutoa faili nje, karekebisha usiku kucha kasevu kalala, asubuhi anafungua zip anakuta ileile ya zamani. Windows ukifungua hivyo inakuwekea kopi kwenye folda la Temp, la mafaili ya muda, kule ndo kazi yake ilikobaki. Tumeitafuta karibu saa nzima tukaipata ila machozi yalishamtoka. Sasa hivi kila mteja mwenye laptopu namwekea 7-Zip, programu ya kufungulia zip na rar, ni ya bure, ipo tangu 1999, namwambia toa mafaili yote nje KWANZA ndo uanze kazi. Nyie yamewakuta yapi?

Mdau wa Tabata:
Mi ni rar za vipande. Nilikopiwa video za masomo Kariakoo, part1 mpaka part6, kila nikifungua inadai kipande kingine. Kumbe vyote vinatakiwa vikae folda moja, jina usiguse, unafungua part1 tu vingine inavivuta yenyewe. Halafu part4 ilikuwa na saizi ndogo kuliko ya tatu na ya tano, haikukopiwa yote, nikapanda tena daladala kuifuata. Angalieni saizi kabla hamjatoka dukani jamani.

Mdau wa Kigamboni:
Ofisini tulitumiwa zip ya pasiwedi, Windows ikaleta erari tu, pasiwedi nnayo mkononi lakini wapi. Ilikuwa imefungwa kwa AES-256, aina ya kufuli la siri la mafaili, 7-Zip ikaniuliza pasiwedi ikafungua hapohapo. Kwenye simu natumia app ya ZArchiver, nayo iko vizuri.

Mdau wa Mbagala:
Hiyo 7-Zip inatengeneza rar pia? Maana WinRAR yangu, programu ya kutengenezea rar, siku 40 za majaribio zimeisha kila siku inanikumbusha kununua.

Mwenye uzi:
Mkuu rar inafungua tu, haitengenezi. We tengeneza zip au 7z, aina ya 7-Zip yenyewe. Pakua 7-zip.org, usichukue popote tu. Na yule dada kapita leo, kaprinti kopi tatu na kabainda.