Mjadala: Enzi ipi tulivaa vizuri kuliko zote? Mimi nasimama na miaka ya 70

Wakuu, salaam. Kila msimu wa harusi ukifika hoja hii inaibuka tena vijiweni: enzi ipi tulipendeza zaidi? Wazee wanasema zamani, maana watu walivaa kwa heshima. Vijana wanasema sasa, maana nguo ni tele na kila mtu anavaa anachokitaka. Leo tuijadili kwa hoja. Naanza mimi: enzi yangu ni miaka ya 70, ya bugaluu (suruali pana kuanzia gotini kushuka), raizoni (viatu vya soli nene) na suti za Kaunda. Na sababu yangu wala si heshima. Sababu yangu ni fundi cherehani.

Hiyo ya heshima tuimalize mapema, kwa sababu historia inaikataa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, vimini, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kuchubua ngozi vikawa marufuku kwa madai kwamba ni utamaduni wa kigeni. Wasichana walishambuliwa mitaani Dar es Salaam, na magazeti yakajaa barua za wanaounga mkono na wanaopinga. Marufuku haitangazwi kwa kitu ambacho hakuna anayekivaa. Kwa hiyo mzee anayemwambia mjukuu wake kwamba enzi zao hakukuwa na nguo fupi, anasahau wenzake wa rika lake. Rudi nyuma zaidi, Zanzibar baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897: wanawake wengi waliokuwa watumwa waliziweka kando kaniki, vitambaa vya rangi ya giza, wakavaa kanga za rangi, wazi wazi, ili ijulikane kwamba wao sasa ni watu huru. Kanga hiyohiyo leo tunaiita vazi la mama mtulivu. Hakuna enzi ambayo mavazi hayakuwa na ugomvi ndani yake, basi tusichague enzi kwa kigezo hicho.

Kigezo changu ni hiki: nguo ilitengenezwaje, na ilitengenezwa kwa ajili ya nani?

Miaka ya 70 kijana aliyetaka suruali alikwenda kwanza dukani. Akachagua jora, akapapasa kitambaa, akakatiwa mita zake, akaenda nazo kwa fundi aliyekaa barazani na cherehani yake ya Singer. Fundi akampima kwa futi: kiuno, nyonga, paja, goti, urefu. Kisha likaja swali lenyewe, chini tuweke inchi ngapi? Hapo ndipo ubishi ulipokuwa. Bugaluu inabana kiunoni na mapajani, ikifika gotini inaanza kuachia, na ikikatwa vibaya hapo gotini inakuwa gunia. Fundi aliyejua mkato ule alijulikana mtaa mzima, watu wakatoka mbali kumfuata. Shati nalo lilikuwa na kola ndefu, limechukuliwa mwili kiunoni. Mtu mnene alishonewa ya unene wake na mwembamba ya wembamba wake. Leo tunauziwa S, M na L za mtu asiyetujua.

Nyumbani bado tunayo bugaluu ya marehemu baba, ya tetroni (kitambaa cha poliesta), rangi ya kahawia. Ukiigeuza nje ndani utaelewa ninachosema. Mshono wa nyuma kiunoni umeachiwa kitambaa cha ziada, karibu vidole viwili kila upande, ili mwenyewe akinenepa iachiwe. Pindo la chini limeshonwa kwa mkono na uzi hauonekani kwa nje. Mifuko ya ndani ni ya kitambaa kigumu cha pamba kiitwacho marekani, haijatoboka mpaka leo. Zipu ndiyo iliyobadilishwa tu. Mtu aliyeishona suruali ile aliitarajia iishi.

Na vitambaa? Tetroni nyingi zilitoka nje, sibishi. Lakini kanga na vitenge vya wakati ule vilitoka Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex ya Mwanza iliyokuwa jirani kabisa na pamba ya Usukuma. Mkulima, kiwanda, duka na fundi, wote walikula kutokana na nguo moja.

Suti ya Kaunda naitaja peke yake kwa sababu inanigusa. Ni suti iliyokubali kwamba huku kwetu kuna joto: mikono mifupi, mifuko minne, haina tai. Ilimfaa waziri na ilimfaa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiyo maana niliumia Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipoipiga marufuku bungeni, nusu karne baada ya watu wetu kuivaa kama vazi la viongozi wa Afrika huru. Tunarudi kwenye koti na tai kwa faida ya nani?

Siyatetei yaliyofuata. Baada ya vita vya Kagera na uchumi kuanguka, mwanzoni mwa miaka ya 80 watu walipanga foleni kupata doti ya kanga. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka uliofuata, mitumba ikamwagika na watu wakavaa. Nalishukuru hilo kwa moyo wote, kwa sababu wapo waliokuwa wakishindia viraka. Ila tangu hapo fundi wa suruali akageuka mtu wa kupunguza: punguza kiuno, kata miguu, badili zipu. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia kwenye nguo nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Wengine wote tulikuwa tumesharudi nyuma.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Dada mmoja amesema enzi ninayoisifu ndiyo iliyoanza kwa kuwapiga wanawake kwa sababu ya sketi, na kwamba ni rahisi kwa mwanamume kuikumbuka kwa raha. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa na siipuuzi. Waliopigwa walipigwa, na bugaluu hailipi hilo. Ninachomwomba atazame ni kwamba ukatili ule haukubaki 1968. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana kwa sababu mwenzao alivuliwa nguo hadharani, tena katika enzi hii inayoitwa ya uhuru wa kuvaa. Tukichagua kwa kigezo hicho, hata enzi ya sasa haipiti.

Mdau mwingine amesema fundi hajafa, tazama sare za harusi. Kweli kabisa, na hapo amenisaidia. Wanawake hawakumwacha fundi. Dada ananunua kitenge, anamwonyesha fundi mshono kwenye simu, anapimwa, anarudi kujaribu, anagomba kwamba bega limekaa vibaya, linarekebishwa. Huo ndio utaratibu wa miaka ya 70 wenyewe. Tuliouacha ni sisi wanaume, tunaofika kwenye harusi hiyohiyo na suti ya mtumba yenye mabega ya Mjerumani.

Kuhusu bei: nakubali mtumba ni nafuu siku ya kununua. Ila anayeniambia kitambaa na fundi ni ghali, alete hesabu ya miaka mitano, si ya siku moja sokoni.

Watu wa Unguja na Mombasa sijawasikia bado. Huko kwenu kuna ubishi wake, baibui la kamba la kina bibi dhidi ya abaya zinazotoka Dubai, na mnaujua kuliko mimi. Leteni.