Ukumbi wetu wa dansi Kinondoni umezungushiwa mabati, nani mwingine kapoteza sehemu yake?

mwana_kinondoni
Wakuu salaam, shikamooni wakubwa. Juzi natoka msibani nikapita njia za ndani nikakuta ule ukumbi wetu wa dansi umezungushiwa mabati ya bluu, mkungu mkubwa wa uani wameshaukata na kijiko kiko ndani kinachimba. Jina silitaji kwa sababu mwenye eneo namfahamu na familia yake pia naifahamu. Nasikia yanajengwa maghorofa ya kupangisha, chini fremu za maduka.

Nilisimama pale hadi bodaboda akaniuliza kaka kuna mtu unamsubiri? Baba yangu alikuwa fundi cherehani, wiki nzima yuko kwenye cherehani yake barazani, lakini Jumamosi jioni mama anampigia pasi shati na yeye mwenyewe anapaka viatu rangi na wanatoka wote wawili wanatuacha kwa bibi. Nilipokua kidogo nikawa naenda kuchungulia ukutani na wenzangu, tunasikia tarumbeta, tunawaona watu wazima wa mtaani, yule mwalimu mkali, yule muuza mkaa, konda wa daladala, wote kwenye sakafu moja wanacheza, na mtu akiguswa na wimbo anapanda jukwaani anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Baba ameshafariki, mama yupo. Bado sijamwambia.

Maswali mawili. Kuna mtu ana picha za kumbi za zamani za Dar, Lang'ata, Vijana, Amana, DDC, popote pale? Na je kuna njia yoyote ukumbi wa namna hii ungeweza kulindwa, au ukishakuwa kiwanja cha mtu basi?

mzee_wa_bugi
Marahaba mwanangu, na pole sana. Picha ninazo chache, nitazitafuta, ila ngoja nikueleze jambo ambalo vijana wengi hamlijui maana hamkukuta.

Zile kumbi hazikuwa peke yake, zilikuwa na bendi, na bendi ilikuwa na mwajiri. Msondo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo watu wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 kwenye baa ya shirika la usafiri na teksi, halafu 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji, ndiyo hiyo Sikinde ngoma ya ukae. Vijana Jazz na mtindo wao wa Pamba Moto walikuwa wa jumuiya ya vijana ya chama. Sasa elewa maana yake, mwanamuziki alikuwa analipwa mshahara, magitaa na spika ni mali ya shirika, na siku za kupiga zinajulikana. Wewe unajua tu leo siku fulani, Sikinde wapo DDC Kariakoo, hakuna haja ya tangazo. Na sisi wanafunzi tulikuwa na bugi, yaani dansi letu la mchana, kiingilio kidogo, saa kumi na mbili jioni uko nyumbani.

Mashirika yalipoanza kuyumba na kuachana na bendi zao, bendi ikabaki bila baba, na ukumbi nao ukabaki bila mtu wa kuutetea. Ukumbi wenye uwanja mpana katikati ya jiji usiojaa watu kila siku, kila anayeuangalia anaona fremu. Bendi ikikosa nyumba ya kudumu inazunguka, leo baa hii, kesho ile, mashabiki hawajui waifuate wapi. Mimi nasema bendi nyingi zilikufa kwa kukosa mahali pa kupiga kabla ya kukosa wapenzi. Wapenzi tulikuwepo. Nilikuwepo.

dada_wa_msasani
Pole mwaya kaka, umenitoa machozi kwa hilo shati la baba.

Mimi ya kwangu ni Drive-In. Wanaopanda daladala wakasema "shusha Drive-In" wengi hawajui pale palikuwa na nini, wanaona ukuta wa ubalozi wa Marekani tu. Ilikuwa sinema ya magari, ilifunguliwa 1966, unaingia na gari unapaki ukiangalia skrini kubwa nyeupe, unachukua kispika unakitundika dirishani. Sisi tulikuwa tunaenda na pikapu ya baba mdogo, watoto wote nyuma na mkeka na mablanketi, mama kabeba sambusa na chai kwenye chupa, na familia za Kihindi pembeni nao na vyakula vyao, ukifika nusu ya picha mmeshabadilishana sambusa na bhajia. Nani alikuwa anaangalia picha? Watoto tulikuwa tunakimbizana mbele ya magari.

Baada ya bomu la Agosti 1998 kule kwenye ubalozi wa zamani ndipo wakajenga mpya hapo, ukafunguliwa 2003. Silaumu mtu, watu walikufa ile siku na ofisi ilihitaji eneo pana, na sinema yenyewe enzi zake zilikuwa zimeshapita. Lakini hata kibao hakuna. Kingewekwa kibao kimoja tu nje kinachosema hapa palikuwa na nini ningeridhika.

unguja_vuga
Assalaam alaykum. Nyie wa Dar mnauliza kuhusu kulindwa, sisi Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tokea mwaka 2000 na bado tunalia. Majestic pale Vuga, sinema ya babu zetu, ilijengwa miaka ya hamsini baada ya ile Royal ya mwanzo kuungua, paa limeshaanguka siku nyingi. Beit al-Ajaib yenyewe, nyumba anayoijua kila mtu, ikaanguka Disemba 2020 na watu wakafa. Kwa hivo ndugu yangu usidhani karatasi inatosha. Nyumba ikikosa watu ndani yake inaoza, na ikishaoza mtu anakuja anakwambia ni hatari ibomolewe, na hapo huna la kumjibu kwa sababu kweli ni hatari.

Mama yangu akisimulia Majestic haanzi na filamu, anaanza na mabuibui yalivokuwa yanatoka mlangoni kwa wingi onesho la wanawake likimalizika, njia nzima nyeusi na inanukia asmini.

mtu_wa_nairobi
Poleni majirani. Huku kwetu ni Simmers, pale Kenyatta Avenue kona na Muindi Mbingu, katikati ya jiji kabisa, bar ya wazi, bendi inapiga rhumba na benga, nyama iko kwa moto na hakuna mtu anakuuliza umevaa nini. Ilibomolewa Septemba 2018 baada ya kesi ya shamba kuvutana miaka. Mimi nilikuwa natoka kazi napitia hapo kabla ya matatu, soda moja, nyimbo mbili tatu, naenda nyumbani nikiwa mtu mwingine. Siku hizi ukitaka bendi town lazima uende mahali meza inagharimu pesa ya shopping ya wiki. Hio ndio inaniuma, si mabati na mbao.

fundi_ramani
Naomba mnivumilie, mimi kazi yangu ni ujenzi. Jiji linajaa, watu wanahitaji nyumba, na mwenye kiwanja ana haki ya kula kwenye mali yake. Pia wapo waliokuwa wanaishi jirani na hizo kumbi, wana wagonjwa na vichanga, usiku hawalali. Nao wasikilizwe.

Kwenye swali la kulindwa, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 imeelekea zaidi kwenye vitu vya kale sana, ukumbi wa saruji wa juzi hauonekani kama urithi. Ndiyo maana hata Salamander pale Samora ulikuwa mgahawa maarufu, leo lipo ghorofa lenye jina lile lile. Ukitaka kuanzia mahali, nenda Old Boma pale Sokoine Drive, kuna kituo cha DARCH kinachoshughulika na majengo ya zamani ya Dar, wapelekee picha na simulizi.

mwana_kinondoni
Asanteni sana wote. Fundi, nimekuelewa, na hao majirani ni kweli, ila kwenye ghorofa hilo wangeweza kuacha chini ukumbi badala ya fremu zote, wakaweka kuta za kuzuia sauti, na bendi ikapata siku yake moja kwa wiki. Hilo ningeenda kumwomba mwenye eneo kama ningejua mapema. Mzee wangu, hilo la bendi kukosa nyumba sikuwahi kuliwaza hivyo, nashukuru, na picha nazisubiri.

Leo asubuhi nimerudi pale. Mlinzi nimempa ya chai akaniruhusu dakika kumi. Paa limeshatolewa lakini jukwaa bado, lile la saruji nyekundu, na sakafu imejaa kokoto. Nimepiga picha tatu nikampelekea mama, nikamweleza taratibu. Ameziangalia muda mrefu hakusema kitu, halafu akauliza kama nguzo ya kushoto mwa jukwaa ipo, kwa sababu ndipo baba alikuwa anamwachia pochi na viatu vya kisigino akichoka.

Nikamwambia ipo mama, leo asubuhi nimeiona.