Kahawa yangu ya nyumbani inatoka chachu na nyepesi. Nakosea wapi?

Nyambura_Roysambu

Habari zenu nyote. Kwa miaka miwili nimekuwa nikinywa kahawa mjini, kikombe shilingi 300 na zaidi, siku nne kwa wiki. Mwezi uliopita nilipiga hesabu, nikaamua nitajitengenezea mwenyewe. Nikanunua lile birika la kioo la kubonyeza, watu huliita planja, la nusu lita, na pakiti ya gramu 250 iliyoandikwa AA kwa sababu niliambiwa ndiyo bora kabisa. Dukani wakaniuliza isagwe vipi, nikasema ya planja.

Nafanya hivi. Maji yakichemka nazima moto, nangoja dakika tano yapoe, kwa kuwa video niliyoitazama ilisema maji yaliyochemka huunguza kahawa. Natia vijiko viwili vya chai vilivyojaa, namimina maji hadi juu, nangoja dakika nne, nabonyeza. Kinachotoka kina rangi ya strungi, ni chachu ya kukunja uso, na ile harufu iliyonipokea nilipofungua pakiti haimo kabisa. Sukari haisaidii. Maziwa ndiyo yanaimaliza.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu Murang'a tulikuwa na mibuni karibu mia mbili. Kila likizo ya Desemba nilichuma kahawa, nikabeba debe hadi kiwandani, nikapanga foleni ya mizani mpaka giza likaingia. Lakini jikoni tulikunywa chai. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kunionyesha kahawa inavyopikwa. Mama anakuja kunitembelea mwisho wa mwezi huu, na nataka anywe kikombe kizuri kutoka mikononi mwangu. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

Mzee_wa_Kinu

Nyambura, karibu. Nimekula mshahara wa kuonja kahawa hapa Nairobi kwa miaka kumi na minane, sampuli za mnada wa kila Jumanne, kwa hiyo swali lako limenigusa. Umeeleza vizuri mno. Wengi huandika tu "kahawa yangu ni mbaya" na hapo huna pa kuanzia.

Maji kwanza. Huyo wa video bila shaka anakaa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo anayaacha kidogo yashuke mpaka 95 hivi, na hicho ndicho kiwango tunachokitaka. Wewe uko Roysambu, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Maji yako yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Yakitokota tu, tayari yako pale pale yeye anapoyangojea yake yafike! Ukikaa dakika tano unamimina maji ya 80 na kitu. Kwa hiyo usingoje. Yatoe motoni yakiwa yanatokota, mimina papo hapo. Na birika lenyewe lioshe kwa maji moto kabla hujaanza, kioo baridi kinanyonya joto.

Ujue kahawa haitoi vilivyomo vyote kwa pamoja. Uchachu hutangulia, utamu hufuata, uchungu huja nyuma. Maji ya vuguvugu yanachukua ule wa kwanza na kuuacha utamu ndani ya machicha, ndipo unakunja uso.

Wepesi ni jambo jingine, wala usiuchanganye na uchachu. Kijiko cha chai kilichojaa hubeba gramu tatu hivi. Vijiko viwili ni gramu sita, kwenye nusu lita ya maji! Unahitaji gramu 30. Ukipata mizani ndogo ya jikoni nunua, hiyo ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote. Kama huna, vijiko vitano au sita vya mezani.

Kuhusu AA: hiyo ni saizi ya punje. Kahawa hupitishwa kwenye chekecheke, punje kubwa za karibu milimita 7 zinaitwa AA, zinazofuata AB, na zile za mviringo zinazoota moja peke yake ndani ya tunda ni PB. Mnadani AA huwa na bei, ni kweli, lakini nimeonja AB nyingi zilizoishinda AA ya jirani yake. Usilipe zaidi kwa ajili ya herufi. Angalia tarehe ya kukaangwa, na kama pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi peke yake, irudishe rafuni.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu hata ukirekebisha yote hayo, uchachu kiasi utabaki. Kahawa yetu ndivyo ilivyo. SL28, ile aina ya mbuni iliyotoka maabara za Scott pale Kabete miaka ya 1930, inapendwa duniani kwa uchachu wake. Ukipika sawasawa utausikia kama wa matunda damu yaliyoiva: unachangamsha ulimi pembeni, kisha utamu unakuja na kukaa. Uchachu wa kahawa isiyoiva birikani ni wa ndimu mbichi, unakausha meno na kuondoka bila kuacha kitu. Onja kama tunavyoonja kazini. Chota kwa kijiko, uivute kwa nguvu mpaka ipige kelele, isambae mdomo mzima. Halafu iache ipoe dakika kumi, uonje tena. Kahawa nzuri huongezeka utamu ikipoa. Iliyokosewa huzidi kuudhi.

Ukishafika hapo ndipo uipeleke unakotaka wewe. Bado ndimu? Ongeza dakika moja, au saga laini zaidi kidogo. Imegeuka chungu ya kukwaruza koo? Saga nene kama chumvi ya mawe. Badilisha kitu kimoja tu kila siku, la sivyo hutajua kilichokusaidia.

Abubakar_Majengo

Salaam dada Nyambura, salaam Mzee. Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, huu ni mwaka wangu wa tisa hapa Nairobi, Majengo, Pumwani. Mzee, umenifumbua macho. Nilipohamia huku kahawa tungu yangu ilinigomea. Buni ile ile iliyokaangwa nyeusi, ikatwangwa laini, tangawizi kavu na iliki kiasi anachotia mama, dele lile lile juu ya makaa. Haikutoa! Nikadhani nimeuziwa buni mbovu. Baadaye nikaona nikiiacha motoni muda mrefu zaidi kuliko nyumbani ndipo inakuja ile yenyewe, nyeusi, nzito, yenye kuwasha koo. Hata maharagwe huku yanachelewa kuiva, lakini sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Dada, kahawa yetu ni tofauti na hiyo unayoitafuta. Sisi tunautaka uchungu, ndiyo maana tunaichemsha, na kikombe ni kidogo, unakunywa na tende au kashata pembeni. Usichukue hiyo pakiti yako uichemshe. Kahawa iliyokaangwa kidogo ikichemshwa haiwi yetu wala yenu. Ila kama mama amezoea maziwa, tafuta iliyokaangwa nyeusi kiasi, na maziwa yapashe moto peke yake. Watu wengi huku wanaipika na maziwa sufuria moja kama chai, nayo inatoka na ladha ya kuungua.

Nyambura_Roysambu

Narudi na habari. Siku ya kwanza nilitia gramu 30 na maji yanayotokota. Nilipomimina, kahawa ilifura ikafanya povu la rangi ya hudhurungi mpaka mdomoni mwa birika, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na harufu ikajaa chumba. Matunda damu, Mzee, kweli kabisa! Nilicheka peke yangu jikoni.

Siku ya tatu ikanishangaza. Kipimo kile kile, dakika zile zile, kahawa ikatoka bapa, haina uchachu wala utamu, kama imezimwa. Nikakumbuka maji ya jiji yalikuwa yamekatika na tulikuwa tunatumia ya kisima cha ploti. Inawezekana ni hayo?

Mzee_wa_Kinu

Ni hayo hasa. Visima vingi vya Nairobi vina bikaboneti nyingi, ni ndugu ya magadi, na unajua magadi yanafanya nini kwa kitu kichachu. Maji ya bomba, yale ya bwawa la Ndakaini, ni laini na yanaifaa kahawa sana. Weka mtungi wa lita tano wa kahawa peke yake.

Nyambura_Roysambu

Mama alikuja Jumamosi. Nilimpa bila maziwa kwanza, aonje tu. Alikishika kikombe kwa mikono miwili akakinusa muda mrefu kabla ya kunywa. Akanywa, akanyamaza, akaomba kingine, hicho akatia maziwa kidogo. Kisha akaichukua pakiti, akaigeuza, akauliza bei. Nilipomwambia aliuliza: "Na hii ni kilo ngapi za matunda?" Sikuwa na jibu. Mzee, unaweza kunisaidia?

Mzee_wa_Kinu

Matunda kilo saba hivi hutoa kilo moja ya buni safi, na ikikaangwa inapungua tena uzito, karibu sehemu moja kati ya saba. Mwambie mama pakiti yako ya gramu 250 ni kilo mbili za matunda. Inatoa vikombe 16.