Harusi za usiku ukumbini: nibadilishe kamera au ninunue lenzi?

KihondaPicha:
Habari wakuu. Napiga harusi na sendoff hapa Morogoro kwa Canon EOS 2000D na lenzi yake ya 18-55. Mchana, nje, mambo safi. Kasheshe ni usiku ukumbini, taa zikizimwa zikabaki zile za zambarau na bibi harusi anaingia akicheza. Nikiweka ISO (kiasi kamera inavyokuza mwanga) 6400 picha inajaa chenga, vile vidoti vidoti. Nikiishusha, shata (muda wa kupokea mwanga) inaenda 1/15 ya sekunde na mikono yote inatoka ukungu. Kuna jamaa anauza Canon 6D iliyotumika, ISO yake inafika 25,600. Nijichange niichukue, au lenzi ya 50mm f/1.8 itatosha?

DadaTanga:
Mdogo wangu, kamera iache kwanza, nunua lenzi. Tupige hesabu. Lenzi yako ukiivuta hadi 50mm, mwisho wake kufunguka ni f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Gawanya 5.6 kwa 1.8, jibu lizidishe kwa lenyewe, unapata karibu 10. Mwanga unaoingia ni karibu mara kumi! Picha ya ISO 6400, kwa shata ileile, unaipiga kwa kama 640. Sensa ya 6D, kile kibao kinachopokea mwanga, inaizidi yako eneo kama mara mbili na nusu. Faida ipo, lakini haifiki huko. Halafu 18-55 yako ni EF-S, aina ya kamera zenye sensa ndogo, haiingii kwenye 6D, kwa hiyo lenzi utanunua tu.

Na tuelewane kuhusu ISO. Ukiipandisha, sensa haipokei mwanga zaidi. Kamera inakuza kile kidogo ilichopokea, sawa na redio inayoshika stesheni kwa shida: ukiongeza sauti, na mkwaruzo unapanda. Chenga nyingi zinatokana na uchache wa mwanga wenyewe.

MzeeFlashi:
Nakubaliana na dada, ila si kwa kila picha. Kwa f/1.8, ukisimama mita mbili, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 11 tu. Bibi harusi safi, bwana harusi aliyerudi nyuma nusu hatua hana sura. Kijana asiogope ISO pia. Piga RAW, yaani faili ghafi, kisha ondoa chenga kwa programu. Lightroom ina Denoise tangu 2023 na inafanya kazi kweli. Picha yenye chenga inaokoka, iliyotikisika ndiyo basi.

DadaTanga:
Mzee wangu, kwa picha za familia umenena. Hapo ni flashi, ielekezwe darini kama dari ni jeupe, f/5.6, kila mtu anaonekana. Ninachopigania mimi ni pale mama mzazi anapomfunga binti yake kanga mpya na machozi yanamlenga. Flashi ikiwaka hapo, mama anageuka kuangalia kamera, na ule mwanga wa ukumbi umekwisha. Picha hiyo familia itaitazama miaka yote.

KihondaPicha, anza na f/2, shata 1/160 wakicheza, ISO iache ipande hadi 3200 bila wasiwasi. Tumia alama ya fokasi ya katikati. Kwenye 2000D ziko tisa, lakini hiyo ndiyo inayoshika vizuri gizani. Na ujue 50mm kwenye kamera yako inabana, inaona eneo dogo kama lenzi ya 80mm kwenye 6D. Ukumbi ukiwa mwembamba utagota ukutani. Hapo tafuta Sigma 30mm f/1.4, ingawa bei yake imechangamka.

KihondaPicha:
Asanteni sana, dada na mzee. Dukani nimeona 50mm mbili, moja imeandikwa II na nyingine STM. II ni nafuu zaidi.

DadaTanga:
Ongeza hela uchukue STM, ni ya 2015. Ile II sehemu inayoshika kamera ni plastiki, na mota yake inapiga kelele ikitafuta fokasi. Padri akiwa anaongea, kanisa zima linakusikia. STM ni chuma hapo nyuma na inakubali usogee hadi sentimita 35, pete unazipata vizuri. Kabla hujalipa, imulike kwa tochi ya simu uangalie kama ndani kuna ukungu.