Entebbe hadi Mumbai na mama wa miaka 67: ni saa ngapi hasa?

Mwana wa Jinja: Habari za jioni wakuu. Mama yangu anakwenda kutibiwa magoti Mumbai mwezi ujao, nami namsindikiza. Akikaa sana miguu inavimba. Wakala ananiambia safari ni saa sita, lakini tiketi anayoniuzia inapitia Addis Ababa, tunaondoka jioni na kufika kesho yake mchana. Hizo saa nyingine ni za nini? Naomba ushauri, hali yake inaninyima usingizi.

Ntinda Kwetu: Pole na kuuguza, ndugu. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 4,890. Mkishaiacha pwani ya Somalia, chini ni bahari tu hadi India. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo saa sita ni za ndege isiyotua njiani. Uganda Airlines walianza njia hiyo Oktoba 2023, waulize ratiba yao ya sasa. Kupitia Addis umbali hauongezeki sana, kama kilomita 5,050. Kinachokula muda ni kusubiri pale kiwanjani.

Halafu tiketi huandika saa za kila mji, na India wako mbele yetu saa mbili na nusu. Mkiruka saa 2 usiku kwa saa sita, kwetu itakuwa saa 8 usiku, Mumbai saa 10 na nusu alfajiri. Ondoa hizo mbili na nusu kwanza, ndipo ujue mama atakaa njiani muda gani.

Muuguzi wa Mukono: Kama fedha inaruhusu, mpeleke moja kwa moja. Mwombee kiti cha pembeni mwa njia, ainuke atembee kidogo kila baada ya muda, akiwa ameketi azungushe vifundo vya miguu, na anywe maji. Kiti cha magurudumu kiombe siku ya kukata tiketi, usingoje mfike Entebbe. Dawa zake zikae mkobani, siyo kwenye sanduku.

Kubwa kwangu ni kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Uganda asipokuwa nayo, India wanaweza kumweka karantini hadi siku 6. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Na kwa aliyevuka miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, sindano hiyo ina hatari zake, amwone daktari kwanza. Je, alishachanjwa?

Mwana wa Jinja: Alichanjwa zamani akifanya biashara Juba. Kadi ipo, ila imeandikwa miaka 10 na imepita.

Muuguzi wa Mukono: Basi hahitaji sindano nyingine. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaihesabu chanjo hiyo ya maisha, hata kwa kadi za zamani. Angalia tu kama jina la kwenye kadi linalingana na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Mwana wa Jinja: Nimeangalia sasa hivi, yanalingana. Asanteni sana. Kesho asubuhi naulizia ya moja kwa moja.