Meneja anataka chaneli iwe kwa jina lake, nisaini?

Mwimbaji_Dodoma: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nina nyimbo nne za injili zimekamilika studio, nimelipia mwenyewe. Kuna meneja anataka kugharamia video mbili, ila mkataba unasema chaneli ya YouTube ifunguliwe kwa barua pepe yake na achukue asilimia 60 ya mapato ya "kazi zote". Tarehe ya mwisho haipo. Biti (muziki wa ala tupu) ya wimbo mmoja prodyuza aliipakua mtandaoni, na mwingine ni tenzi tuliyoipanga upya. Nishaurini.

Kalamu na Muhuri: Dada, usisaini hivyo. "Kazi zote" inameza hata bahasha unayopewa ukialikwa kuimba mkutano wa injili. Iandikwe "mapato ya video hizi mbili", arudishiwe kwanza gharama zake kwa risiti, ndipo mgawane, na mkataba uishe baada ya miaka 2. Chaneli fungua wewe, yeye mpe nafasi ya mhariri: atapandisha video lakini hawezi kuifuta chaneli. Barua pepe ikiwa yake, na malipo yataingia kwake, na siku mkikosana unaanza upya bila mfuasi hata mmoja.

Fundi Mitambo: Mimi hiyo biti ndiyo inanitisha. Biti za mtandaoni hukodishwa kwa watu wengi. Mwenyewe akiwa ameisajili, YouTube inaitambua na hela ya matangazo inakwenda kwake. Mwambie prodyuza apige vyombo upya, asibadilishe ngoma tu, maana melodi ikibaki tatizo linabaki. Halafu dai nyimbo zote nne kwa WAV, yaani faili za sauti zisizobanwa, kila chombo na kila sauti traki yake, siyo MP3. Bila hizo, ukitaka kuimba laivu juu ya ala huna cha kupiga, na diski ya studio ikifa ndiyo basi.

Mama Kwaya: Kwenye tenzi, melodi nyingi ni za zamani na ziko huru, lakini tafsiri ya Kiswahili inaweza kuwa bado na mwenyewe. Kwa sheria ya Tanzania ulinzi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, jiandike mpangaji, usijiandike mtunzi. Na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ujisajili kama msanii.

Mwimbaji_Dodoma: Mbarikiwe sana. Na YouTube wanaanza kulipa lini?

Fundi Mitambo: Matangazo yanahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, zile video fupi za Shorts hazihesabiwi kwenye saa hizo. Malipo hutoka salio likifika dola 100. Jaza mapema fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Ukiijaza, wanakata kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani tu, hadi asilimia 30; usipoijaza wanaweza kukata hadi 24 kwenye mapato yako yote, hata ya watazamaji wa Dodoma.