Kueleza anga kwa sauti pekee: msikilizaji aelekezweje bila picha?

Mkeshaji anauliza:

Wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikitayarisha kipindi cha sauti cha dakika 15 kila mwezi, chenye sehemu tatu: habari za falaki, utafiti mmoja ninaoueleza kwa kirefu kiasi, na maelekezo ya kutazama anga kwa macho matupu. (Neno falaki nimelichagua kwa makusudi, kwa sababu kila nilipotumia unajimu niliwapata wasikilizaji waliotaka kutabiriwa bahati zao.)

Sehemu ya tatu ndiyo inayonishinda. Msikilizaji mmoja aliniandikia kwamba alitoka nje usiku na hedifoni masikioni, akanifuata vizuri mpaka niliposema "sasa tazama upande wa kushoto wa Jabari" (kundi la nyota liitwalo pia Orion), na hapo akapotea moja kwa moja. Nilipoisikiliza upya rekodi niligundua kwamba siku ile nilikuwa nimekaa mbele ya ramani ya anga iliyo kwenye skrini, nami nilikuwa nikiieleza ramani, wala si anga.

La pili ni hili: ninashawishika kuweka zile "sauti za anga za mbali" zinazotolewa na vituo vya utafiti, ila najiuliza kama si kumhadaa msikilizaji, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kuibeba sauti. Naomba uzoefu wenu.

Ngumi na Nusu anajibu:

Ndugu Mkeshaji, mahali ulipokosea umepaona mwenyewe, kwa hiyo kazi imepungua. "Kushoto" na "juu" ni maneno ya ramani. Mtu aliye kaskazini mwa dunia huiona Betelgeuse juu na Rigel chini, nazo ni nyota mbili angavu za Jabari. Aliye kusini huona kinyume chake. Aliye karibu na ikweta huliona kundi zima limelala ubavu linapochomoza, na rekodi yako ni moja kwa wote watatu. Huna budi kumpeleka msikilizaji kutoka nyota moja hadi nyingine kwa kipimo ambacho kila mtu anacho, yaani mkono wake mwenyewe ulionyooshwa mbele. Ngumi hufunika takriban nyuzi 10 za anga, na ncha ya kidole cha mwisho hufunika nyuzi 1 hivi. Mwenye mkono mrefu kwa kawaida ana ngumi kubwa pia, ndiyo maana kipimo hiki hakiharibiki sana hata kwa mtoto.

Jambo ambalo watayarishaji wengi hulisahau ni kimya. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe wa simu huivuruga kazi hiyo papo hapo. Hapo ndipo sauti inapoishinda programu yoyote ya ramani, maana simu hubaki mfukoni. Lakini ukiongea mfululizo, msikilizaji atashughulika na wewe badala ya nyota. Mimi huacha sekunde 20 nzima baada ya kila agizo, nikiwa nimemwarifu kabla kwamba nitanyamaza, la sivyo atadhani simu imezimika, ataitoa kuiangalia, na dakika 20 za giza zitakuwa zimepotea bure.

Sikio la Tatu anajibu:

Kuhusu swali la pili, usizitie sauti hizo zote katika kapu moja, kwa sababu asili zake ni tofauti sana.

Zipo zilizo sauti kweli. Chombo cha Perseverance kilitua kwenye Mirihi Februari 2021 kikiwa na maikrofoni, na kilinasa upepo na hata mvumo wa mapanga ya helikopta ndogo ya Ingenuity. Hewa ya huko ni nyembamba, lakini ipo, kwa hiyo hapo huna la kuomba radhi.

Zipo ambazo si sauti, ila idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde inaangukia ndani ya uwezo wa sikio. Mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga lenyewe, yaliyonaswa na mitambo ya LIGO ya Marekani tarehe 14 Septemba 2015, baada ya mashimo meusi mawili kugongana, yalipanda kutoka mitikisiko kama 35 kwa sekunde hadi 250 hivi, yote hayo katika muda usiofika sekunde moja. Ukiyapeleka kwenye spika bila kuyabadilisha chochote, unasikia mvumo mfupi unaopanda ghafla na kukatika. Mapigo ya pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka na kutupigia mawimbi ya redio kila mzunguko, nayo ni hivyohivyo. Ile ya kwanza, ambayo Jocelyn Bell aliigundua mwaka 1967, hupiga kila baada ya sekunde 1.34 hivi, nawe waweza kuigiza kwa kugonga meza. Ya Vela hupiga mara 11 kwa sekunde, na hapo mkono hauwezi tena. Iliyogunduliwa mwaka 1982 huzunguka mara 642 kwa sekunde, na sikio halisikii tena mapigo bali noti moja ya muziki. Mfululizo huo wa dakika moja unaeleza kasi ya pulsa kuliko mchoro wowote ninaoujua.

Kisha zipo zilizotafsiriwa, na hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Ile "sauti ya shimo jeusi" ya kundi la galaksi la Perseus, iliyosambaa sana mwaka 2022, ilitokana na mawimbi halisi ya mgandamizo ndani ya gesi ya moto, lakini wimbi moja huchukua takriban miaka milioni 10 kupita. Ili tulisikie, ilibidi kasi yake iongezwe maradufu, kisha maradufu tena, hivyo hivyo mara 57. Mwambie msikilizaji hayo kabla hujaicheza rekodi. Ukimwambia baadaye, atakuwa ameshaogopa, na hofu ile haiondoki kwa maelezo.

Nisieleweke kwamba tafsiri ni pambo tu. Wanda Díaz-Merced, mwanafalaki wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mwanafunzi, aliendelea na utafiti wake kwa kuzisikiliza data zilizogeuzwa kuwa sauti.

Mhariri wa Zamani anajibu:

Naafikiana na Sikio la Tatu, ila kwa maoni yangu wasikilizaji hupotoshwa zaidi na jinsi neno "huenda" linavyosomwa. Katika maandishi, msomaji aliyeruka neno hilo anaweza kurudi nyuma, sikio halirudi. Septemba 2020 watafiti walitangaza kwamba wameona dalili za gesi ya fosfini katika mawingu ya Zuhura, gesi ambayo hapa duniani huhusishwa na baadhi ya vijidudu. Baadaye data zilisahihishwa, kiasi kilichokadiriwa kikapungua sana, na mabishano yakaendelea. Msikilizaji aliyesikia "huenda" mara moja tu, tena katikati ya sentensi ndefu, alibaki na neno "uhai" peke yake.

Kwa hiyo shaka iwe na sentensi yake yenyewe, fupi, na uirudie mwishoni mwa habari. Makala zinazowekwa arXiv, hazina ya mtandaoni ya makala za kisayansi, mara nyingi hazijapitiwa na wataalamu wengine. Litamke jambo hilo kwanza kabisa, kabla ya matokeo.

Mgeni anajibu:

Ninaongeza dogo. Mwanzoni mwa kipindi sema kwamba nuru imeondoka kwenye Jua sasa hivi. Endelea na habari zako, kisha baada ya dakika 8 na sekunde 20 jikatize, hata kama uko katikati ya sentensi: "Imefika." Umbali wa kilomita milioni 150 utaeleweka bila tarakimu.

Mkeshaji anajibu:

Nawashukuru nyote. Hilo la Jua nitalitumia mwezi ujao. Maelekezo ya Jabari nimeyaandika upya, tafadhali niambieni kama yanafuatika:

"Usiku huu, mnamo saa 3, tafuta nyota tatu zinazong'aa karibu sawa, zilizojipanga mstari mmoja mfupi. Nyoosha mkono: mstari wote unafichika nyuma ya vidole viwili. Nitanyamaza uutafute. … Sasa weka ngumi kando ya mstari, kisha upande wake wa pili. Upande mmoja kuna nyota nyekundunyekundu, ndiyo Betelgeuse. Upande mwingine kuna nyota nyeupe ya kibuluu, ndiyo Rigel. … Mwisho, fuata mstari wenyewe uendako, ngumi mbili na kidogo. Ukikutana na nyota inayong'aa kuliko zote za anga, umeifikia Shira. Usipoiona, rudi kwenye zile tatu, uende upande wa pili."

Ngumi na Nusu anajibu:

Yanafuatika, nimeyajaribu nikiwa nimefumba macho. Ondoa tu "usiku huu". Nyota huchomoza dakika 4 hivi mapema kila siku, ambazo kwa mwezi hufika saa 2, na rekodi yako itasikilizwa hata na mtu wa mwezi Julai, ambaye atatafuta zile nyota tatu hadi usiku wa manane bila kuziona. Sema "mwezi Januari, mnamo saa 3 usiku", na sayari zizungumzie katika kipande tofauti chenye tarehe yake, kwa kuwa zenyewe huhama.